Mcheza kwao hutunzwa, ila si kwenye tuzo za CAF

Ukitaka kujua kijana wa mtaani kwako anaishi kwa saa za nchi gani, soma ubao wa kibanda umiza. Umeegemezwa ukutani pale nje, chaki imekolezwa, na mechi za Jumamosi zimepangwa kuanzia ya mchana hadi ile ya usiku mkubwa: Liverpool, Arsenal, Barcelona, PSG. Kiingilio kimeandikwa pembeni na kuzungushiwa duara. Simba na Yanga nazo zina heshima yake, hilo sikatai. Siku zikicheza, ubao wote unafutwa. Lakini nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya klabu ya Misri na ya Afrika Kusini ni nadra kuikuta pale. Muulize mwenye kibanda. Hana chuki nayo, ila anajua mabenchi yatabaki matupu na jenereta litakunywa mafuta bure.

Ubao ule hunijia kichwani kila zinapofika tuzo za Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Novemba 2025 mjini Rabat, waliobaki watatu wa mwisho kuwania Mchezaji Bora wa Afrika walikuwa Achraf Hakimi wa PSG, Mohamed Salah wa Liverpool na Victor Osimhen wa Galatasaray. Hakimi akashinda. Na vijiweni ubishi ukawa ule wa kila mwaka: nani alikuwa na msimu mzuri zaidi, wa Paris au wa Liverpool? Tunabishania ligi za watu kwa kisingizio cha tuzo yetu.

Msimamo wangu nauweka mapema tusipotezeane muda. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika itolewe kwa kazi iliyofanywa ndani ya jezi ya Afrika, iwe ya klabu au ya taifa. Mabao ya Liverpool, Paris na Istanbul yana wenyewe wa kuyalipa, na wanayalipa vizuri. Simfungii mlango anayecheza Ulaya. Aje na alichokifanyia Misri, Morocco au Nigeria mwaka huo, akiweke mezani pamoja na cha wenzake, tupime.

Ilipokuwa na wenyewe

Ajabu ya kwanza ni kwamba tuzo hii haikuanzishwa na Waafrika. Ilianzishwa mwaka 1970 na jarida la Ufaransa, France Football, na mshindi wa kwanza alikuwa Salif Keita wa Mali, aliyekuwa akichezea Saint-Étienne. Ungetegemea Wafaransa waendelee kuwatuza wale waliowaona kila wiki viwanjani kwao. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1971 walimpa Ibrahim Sunday wa Asante Kotoko ya Kumasi. Mwaka uliofuata ikaenda Conakry, kwa Chérif Souleymane wa Hafia. Mwaka 1974 ikawa ya Paul Moukila wa CARA Brazzaville, klabu iliyobeba ubingwa wa Afrika mwaka huo huo. Wakafuata Ahmed Faras wa Morocco, Roger Milla kabla hajavuka kwenda Ulaya, Tarak Dhiab wa Espérance ya Tunis, Lakhdar Belloumi wa Algeria. Mwaka 1983 ilimwangukia Mahmoud El Khatib wa Al Ahly, huyu huyu ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa klabu hiyo. Mohammed Timoumi akaichukua 1985, mwaka ambao FAR Rabat yake ilitwaa ubingwa wa klabu barani.

Mmoja nimemruka makusudi. Mwaka 1973 tuzo ilikwenda kwa Tshimen Bwanga, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao mtu wa Kigoma akishuka anaelewana na muuza mikate bila mkalimani. Beki! Tuzo hizi zinapenda wafungaji, na kwa miaka 52 hakuna beki mwingine aliyeigusa hadi Hakimi alipoinyanyua Rabat. Ukiwaweka wawili hao pamoja unaiona safari nzima ya tuzo. Wa kwanza alitunzwa akiwa Lubumbashi. Wa pili amezaliwa Madrid, akalelewa kisoka Real Madrid, na sasa anachezea Paris.

Nisieleweke vibaya hapo. Mahali pa kuzaliwa si hoja yangu. Frédéric Kanouté alizaliwa Ufaransa, akaichagua Mali, na mwaka 2007 akawa wa kwanza kushinda tuzo hii akiwa amezaliwa nje ya bara. Riyad Mahrez, Pierre-Emerick Aubameyang na Ademola Lookman nao walizaliwa Ulaya. Mtu akiichagua bendera ya babu yake, karibu sana. Ninachouliza ni kazi ipi tunayoitunza.

CAF ilianza kutoa tuzo yake yenyewe mwaka 1992. Emmanuel Amunike, mshindi wa 1994, ndiye wa mwisho ambaye alikuwa na mguu mmoja nyumbani: mwaka ule aliuanza akiwa Zamalek ya Cairo, akafunga mabao mawili ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, dhidi ya Zambia, kisha akaumalizia Sporting ya Lisbon. Watanzania tunamfahamu kwa jambo jingine, maana ndiye aliyekuwa kocha wa Taifa Stars tuliporudi AFCON mwaka 2019 baada ya kuikosa tangu 1980. Baada yake, kuanzia George Weah mwaka 1995 hadi Hakimi, kila aliyeitwa Mchezaji Bora wa Afrika alikuwa mwajiriwa wa klabu ya Ulaya. Kila mmoja, bila kumbakiza hata wa dawa.

Aboutrika angefanya nini zaidi?

Kama ningeruhusiwa mwaka mmoja tu wa kutetea hoja hii, ningechukua 2008.

Mwaka ule AFCON ilichezwa Ghana. Fainali ilikuwa Accra, Misri na Cameroon, na bao pekee likafungwa na Mohamed Aboutrika. Mwaka haujaisha, Aboutrika huyo huyo akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Al Ahly. Bingwa wa mataifa, bingwa wa klabu, ndani ya miezi kumi na miwili. Upande wa pili alikuwepo Emmanuel Adebayor wa Togo. Alikuwa ametoka kufunga mabao 24 katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Arsenal, na mengine yalikuwa ya kusimulia wajukuu. Ila Arsenal haikubeba kombe lolote msimu ule, na Togo haikufuzu hata kuvuka mpaka kwenda kwa jirani yake Ghana.

Kura zilipohesabiwa, Adebayor wa kwanza, Aboutrika wa pili.

Aboutrika angefanya nini zaidi? Angefunga mawili kwenye fainali? Angeshinda Ligi ya Mabingwa mara mbili kwa mwaka? Jibu analijua kila mtu: angehamia London.

Miaka saba baadaye mambo yakajirudia kwa sura nyingine, na safari hii aliyeonja machungu alikuwa mtu anayecheza Ulaya. Yaya Touré aliiongoza Ivory Coast kama nahodha kubeba AFCON ya 2015. Gabon ya Aubameyang iliishia hatua ya makundi kwenye michuano hiyo hiyo. Aubameyang, aliyekuwa moto wa kuotea mbali Dortmund, akashinda kwa pointi 143 dhidi ya 136. Yaya alikasirika hadharani, akasema ni aibu kwa Afrika kutothamini mambo yake yenyewe. Watu wakamwona mroho, kwa kuwa kabati lake lilikuwa na tuzo nne za namna hiyo tayari, alizozichukua mfululizo. Mroho au si mroho, alikuwa na hoja. Na mimi nadhani laiti angeitoa hoja hiyo katika ile miaka minne aliyokuwa akishinda yeye, ingesikika vizuri zaidi.

Usiku wa Samatta

Usiku ule ule Aubameyang alipotangazwa mshindi, Januari 2016, Abuja, ndani ya ukumbi ule ule, Mtanzania alipanda jukwaani. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepitia African Lyon na Simba, alikuwa amemaliza mwaka akiwa bingwa wa Afrika na TP Mazembe. Alifunga katika michezo yote miwili ya fainali dhidi ya USM Alger. Akatangazwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, akimwacha nyuma mwenzake wa Mazembe, kipa Robert Kidiaba, pamoja na Baghdad Bounedjah wa Algeria.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila fikiria ratiba ya ukumbi ilivyo. Tuzo ya Samatta ilitangulia, watu wakapiga makofi, ukumbi ukakaa sawa kusubiri "yenyewe". Bara lina mchezaji wake bora, halafu pembeni lina bora wa waliobaki.

Mwaka mmoja baadaye zamu ikawa ya Uganda. Kipa Denis Onyango alibeba Ligi ya Mabingwa ya 2016 na Mamelodi Sundowns, na mwaka huo huo akaisaidia Uganda kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978. Naye akapewa ile ya wanaocheza ndani. Kubwa ilikwenda kwa Mahrez, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Uingereza na Leicester City. Muujiza wa Leicester ulikuwa wa kweli, hata mimi niliushangilia hadi sauti ikakauka. Lakini ulikuwa muujiza wa Leicester.

Tangu 1970, hakuna Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi wala Mnyarwanda aliyewahi kushinda tuzo kubwa. Huwa tunalieleza hilo kwa kujishusha: ligi zetu dhaifu, viwanja vibovu, hatuna vipaji kama vya Afrika Magharibi. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Sehemu nyingine ni kipimo. Kwa kipimo ninachokitetea hapa, Onyango angeingia ukumbini akiwa na madai halali kabisa mwaka ule, bila kuonewa huruma na mtu.

Na hata Novemba 2025, wakati macho yote yalikuwa kwa Hakimi, Dar es Salaam ilikuwa na cha kusema Rabat. Mchezaji bora wa mashindano ya klabu alikuwa Fiston Mayele, Mkongomani tuliyemwona Jangwani akitetema kila akifunga, aliyeisaidia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 kabla hajaenda Pyramids ya Misri na kuwa bingwa wa Afrika huko. Bao bora la mwaka lilikuwa la Clement Mzize, alilowafunga TP Mazembe akiwa na Yanga. Ni wangapi katika wale wanaotaja kikosi cha Manchester City hadi wa benchi walijua kwamba bao bora la bara zima limefungwa na kijana wa ligi yao?

"Lakini Ulaya ndiko kwenye mpira"

Najua jibu linalonisubiri, na si jibu la kipuuzi. Mpira mgumu unachezwa Ulaya. Huwezi kumlinganisha aliyemkaba Messi na aliyemkaba winga wa timu ya mkoani. Ukimnyima Salah eti kwa sababu anafunga Anfield, tuzo itakuwa ya huruma, na dunia itaicheka.

Ugumu wa Ulaya siupingi. Ninachosema ni kwamba una tuzo zake. Hadi 1994, Ballon d'Or ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya tu; ndiyo maana France Football walikuwa na ya Afrika pembeni. Mwaka 1995 wakaifungua kwa mchezaji yeyote wa klabu za Ulaya, Weah akaibeba mwaka ule ule, nao wakaachana na ile ya Afrika. Tangu 2007 iko wazi kwa mchezaji wa klabu yoyote duniani. Kwa hiyo mwenye msimu mkubwa Ulaya ana mahali pa kupimwa, na Sadio Mané alipopimwa mwaka 2022 alitoka wa pili. Kuna haja gani ya CAF kukaa Rabat na kuhesabu upya mabao ambayo Paris imeshayahesabu? Mwajiri wa mjini humlipa mtu mshahara wa mjini. Kijiji kikimvisha mgolole, kinamvisha kwa alichokifanyia kijiji.

Chukua mwaka 2024. Lookman alifunga mabao yote matatu ya Atalanta katika fainali ya Europa dhidi ya Bayer Leverkusen. Ilikuwa kazi ya kutukuka. Ilikuwa pia mechi ya Waitaliano na Wajerumani, iliyochezwa Dublin. Mwaka huo huo kwenye AFCON, kipa Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns alipangua mikwaju minne ya Cape Verde kwenye matuta na kuipeleka Afrika Kusini nusu fainali. Lookman mwenyewe alikuwa na AFCON nzuri, na Nigeria ilifika fainali, hivyo huenda hata kwa kipimo changu angeshinda. Sawa! Ashinde kwa hayo. Hapo tungekuwa tunazungumzia Abidjan.

Tuzo ya wanawake, iliyoanza 2001 kwa Mercy Akide wa Nigeria na ambayo Asisat Oshoala ameichukua mara sita, ningeiacha kwanza. Ligi nyingi za wanawake barani bado hazimlipi mchezaji kiasi cha kujikimu, na kumwambia binti abaki nyumbani ndipo atunzwe ni kumwambia alale njaa.

Sh500 ya kibandani na Sh5,000 ya uwanjani

Mtu atasema haya ni mambo ya wenye suti ukumbini, yanamhusu nini mama wa Temeke? Yanamhusu. Siku Simba au Yanga inapocheza mechi ya Afrika pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye kuchukua watu 60,000, fedha inaanza kutembea asubuhi. Muuza jezi ametandika turubai kando ya barabara. Mama lishe ameongeza sufuria la pili la wali. Bodaboda hawana muda wa kusinzia, na kijana wa maji baridi anakimbia kati ya magari akiwa na ndoo kichwani. Lookman alipofunga la tatu kule Dublin, mama lishe huyo hakuuza hata chapati. Aliyeuza ni mwenye kibanda na kampuni ya kubeti, na tiketi ya kubeti ya kijana aliyepoteza ilitoka kwenye fedha ya nyumbani.

Halafu kuna mzazi. Ana mtoto wa miaka kumi na minne mwenye mguu wa kushoto unaozungumzwa mtaa mzima. Kila anachokiona, kuanzia mabango hadi usiku wa tuzo, kinamwambia kwamba mtoto asipotoka nje hajawa kitu. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye tai na simu mbili, anayejiita wakala, akitaka fedha za pasipoti, za "majaribio", za tiketi. Shamba linauzwa. Mtoto anaachishwa shule. Mzazi yule hajaambiwa kwamba kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Huko Afrika Magharibi vilio vya namna hii ni vya miaka mingi, vijana wametelekezwa katika miji ya Ulaya bila klabu wala nauli. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wakubwa, lakini nani atashika mbachao wake wakati kila tuzo inamsifu mwenye msala?

Na mbachao wetu si chakavu kama zamani. Shirikisho la soka nchini, TFF, na Azam Media walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni wa kuonyesha Ligi Kuu. Wachezaji wanatoka Congo, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini kuja kutafuta riziki Dar es Salaam. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, michuano ya wanaocheza ligi za nyumbani tu, na Kasarani ilijaa hadi wakubwa wakaanza kulalamikia watu wanaoingia bila tiketi. Kenya wakaifunga Morocco, waliokuja kuwa mabingwa. Mwaka 2027 nchi hizo hizo tatu zinapokea AFCON yenyewe. Bidhaa ipo, na wanunuzi wamejitokeza.

Samatta mwenyewe ni ushahidi kwamba njia ya nyumbani inafika mbali. Alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Wiki chache baada ya usiku wa Abuja, Genk ya Ubelgiji ikamsajili. Mwaka 2019 akamaliza miongoni mwa wafungaji bora wa ligi ile. Mwaka 2020 akafunga Wembley akiwa na Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Hakuna shamba la mtu lililouzwa ili aende majaribio.

Kura zetu mbili

CAF haitabadilisha vigezo kwa sababu ya makala ya Jumapili. Lakini tuzo hii ina wapigakura, na miongoni mwao ni makocha na manahodha wa timu za taifa za nchi wanachama, ambazo ni 54. Maana yake Tanzania inazo kura mbili ndani ya sanduku lile, Kenya mbili, Uganda mbili, Burundi mbili, Rwanda mbili, DRC mbili. Ni kura kumi na mbili za watu wanaoweza kukubaliana kwa Kiswahili. Pengo kati ya Aubameyang na Yaya lilikuwa pointi saba.

Ningeomba mashirikisho yetu yawe yanatangaza kila mwaka kocha na nahodha wamemchagua nani, kwa mpangilio gani, kama inavyofanyika kwenye tuzo za FIFA. Hatuvunji siri ya mtu. Ile kura wanaipiga kwa niaba yetu. Samatta amekuwa nahodha wa Taifa Stars kwa miaka mingi, na anajua fainali ya Afrika inavyochezwa Algiers na Lubumbashi, kelele zake na mateke yake. Ningependa kujua, kila alipoletewa ile karatasi, jina la kwanza aliloandika lilikuwa la nani.